Ngazi Saba na Nguzo Nne

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Barua ya Mkurugenzi imefika mezani kwangu saa tatu asubuhi, na mihuri miwili. Inasema mlango mkuu wa zahanati utajengwa upya kama ilivyopangwa, ila namna utakavyojengwa sasa itaamuliwa na wanaoutumia. Itaundwa kamati. Kamati itapiga kura. Mimi, mchora ramani wa idara kwa miaka kumi na mitatu, nitakuwa katibu. Katibu! Sina kura. Nina kalamu.

Nimeisoma barua mara tatu nikitafuta mahali ilipokosewa.

Na ramani yangu je? Miezi sita nimeichora. Ngazi saba pana za mawe. Nguzo nne nyeupe. Ukutani, kibao cha shaba chenye jina langu kamili, pamoja na la babu. Zahanati ya sasa ina ngazi tatu tu, tena za saruji iliyomeguka. Mgonjwa akizipanda hajisikii kama amefika mahali. Akipanda saba, anaingia ndani ameshapona nusu.

Mwenzangu wa meza ya pili ameniambia nisinune, kugawana uamuzi ni jambo jema. Nimekubaliana naye. Nitawagawia uamuzi. Nitawagawia ule ambao nimeshaufanya.

Nyumbani Mama ameniuliza kama mlango mpya utakuwa mwepesi kuingia. Nimemwambia aniachie, hayo ni ya kitaalamu. Akasema haya mwanangu, akaendelea kukunja nguo.

Jumanne, 4 Machi

Nimepewa kazi ya kupendekeza wajumbe. Hapo ndipo waliponiachia mwanya.

Wa kwanza, Mwalimu. Alinifundisha hesabu darasa la nne. Sasa amestaafu, na mwaka wa sita huu haoni kabisa. Mtu mpole. Ramani hawezi kuiona, atapinga nini? Wa pili, Mama wa Mapacha. Watoto wawili wachanga, hatakuwa na nafasi ya kubishana. Wa tatu, Mama yangu mzazi. Kura ya uhakika. Damu ni nzito kuliko maji.

Nikapeleka orodha kwa Sista. Sista ndiye muuguzi mkuu wa zahanati, na hajakubaliana nami kwa lolote tangu nilipomchorea dirisha la dawa likatokea linatazama ukuta. Jambo la miaka minane iliyopita. Akasoma orodha, akatabasamu, akaongeza mtu mmoja. Fundi Redio.

Huyu ana kibanda chake mkabala na zahanati. Anatengeneza redio, pasi, chochote chenye waya. Anatembelea kiti cha magurudumu, na mdomo wake hauna breki. Nikamwambia Sista kamati imejaa. Akasema kamati ya watu watatu haijajaa, imekonda. Wagonjwa kwenye foleni wakacheka. Tutaona nani atacheka mwisho.

Alhamisi, 6 Machi

Mkutano wa kwanza. Mpango wangu ulikuwa mzuri mno. Nilitangaza: chumba namba tisa, ghorofa ya pili, jengo la idara. Lifti hatuna. Fundi Redio angefika chini, angeona ngazi, angerudi kwenye redio zake. Mimi nisingekuwa nimemfukuza. Ngazi ndizo zingekuwa zimemfukuza, mikono yangu safi.

Saa nne kamili nimekaa. Viti vimepangwa, ramani ukutani, glasi tano za maji. Saa nne na robo niko peke yangu. Saa nne na nusu nimemaliza maji ya wajumbe wote.

Nikachungulia dirishani. Wako chini! Kwenye maegesho ya magari, kivulini mwa lori bovu, wamekalia makreti ya soda. Nikaja kusimuliwa baadaye. Fundi Redio alizitazama ngazi akasema yeye safari yake imeishia hapo. Mama akasema magoti yake nayo yameishia hapo. Mama wa Mapacha akasema watoto wawili kwa ghorofa mbili ni kupanda mara nne. Mwalimu akasema hesabu hiyo ni sahihi.

Niliwaita kutoka dirishani, kwamba mkutano halali uko juu. Fundi Redio akanijibu kwamba huenda mkutano uko juu, lakini akidi iko chini. Madereva wakasimama kusikiliza. Nikakunja ramani, nikashuka mbio. Nilipofika walikuwa wamepitisha mambo mawili: Fundi Redio ndiye mwenyekiti, na hakuna mkutano utakaofanyika mahali ambapo mjumbe hata mmoja hawezi kufika. Nikatakiwa niyaandike kwenye kumbukumbu. Nimeyaandika kwa herufi ndogo.

Baadaye Mama alikwenda zahanati kuchukua dawa zake za presha, kama kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Alirudi amechoka. Nikamuuliza. Foleni, alisema.

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano wa pili, uani mwa zahanati, chini kabisa, pasipo ngazi. Nikabadili mbinu: kuwazamisha kwa utaalamu. Nimezungumza dakika arobaini bila kumeza mate. Mhimili. Uwiano. Kina cha msingi. Mama wa Mapacha amenyonyesha wa kwanza, akanyonyesha wa pili, akarudi kwa wa kwanza. Nikajua wameiva.

Mwalimu akaomba nimshike mkono nimwekee kidole kwenye ramani. Nilifanya hivyo kwa adabu zote, maana kura yake nilikuwa naitegemea. Akapapasa karatasi juu, chini, pembeni. Akasema karatasi hii ni tupu. Akaongeza kwamba hata darasa la nne nilikuwa namletea za namna hii. Wakacheka mpaka mapacha wakaamka.

Halafu akasema kama nataka akubali kitu, nikichore mahali ambapo mguu wake unaweza kukisoma. Chini. Kwa ukubwa wake halisi. Fundi Redio akadakia: uwanja wa mpira. Sista, ambaye hata si mjumbe, akatoa kamba za kuanikia mashuka ya wodi, zipigiliwe ardhini ili mguu uzihisi, na chokaa juu yake kwa wenye kuona. Kura: wanne kwa sifuri. Mama naye alinyoosha mkono. Nilimkazia macho. Akanipungia.

Jumatano, 12 Machi

Siku ndefu. Nitaiandika yote.

Asubuhi tumeilaza zahanati nzima uwanjani. Kamba, vigingi, chokaa. Mapipa manne yakawa nguzo zangu. Sista akawaambia wagonjwa wa foleni, nao wakaja kutazama. Na hapo nikagundua jambo tamu. Ngazi ukizilaza chini ni kamba tu! Watu walivuka ngazi saba kama wanavuka mfereji mkavu. Fundi Redio mwenyewe alizipita na kiti chake. Nikaanza kuandika haraka: wajumbe wamepanda ngazi zote bila tatizo lolote.

Fundi Redio alisoma begani kwangu. Akaagiza tofali.

Wachezaji waliokuwa wakisubiri uwanja wao walibeba, fundi mwashi wa idara akapanga, na mapipa yakapandishwa juu ya tofali mpaka usawa wa kichwa. Nusu saa baadaye ngazi saba zilikuwa zimesimama, kimo kilekile nilichochora. Ilikuwa mara ya kwanza kuziona nje ya karatasi. Nakiri ni ndefu kidogo kwenda juu.

Mwenyekiti hakutoa hotuba. Alisema kila mmoja apande, na akifika mahali ambapo siku ya ugonjwa angegeuza arudi nyumbani, asimame hapohapo, asiondoke.

Yeye akabaki chini, magurudumu yamegusa tofali la kwanza. Mama wa Mapacha, mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akasimama ya tatu kwa kuwa haoni anapokanyaga. Mzee wa magongo, ya pili. Mjamzito mmoja, ya nne, mkono kiunoni. Mwalimu alipanda zote saba bila wasiwasi. Nilikuwa nataka kupiga makofi alipogonga pipa kwa paji la uso. Nguzo yangu ya pili. Ililia kama kengele ya shule. Akauliza nguzo hii inabeba nini. Nikasema haibebi kitu, ni urembo. Akasema kumbe.

Wakabaki wamesimama hivyo, kila mtu mahali pake. Nikatazama juu. Ukimtoa Mwalimu aliyekuwa anajipapasa uso, mlangoni kwangu alikuwepo Sista tu, naye ni mfanyakazi.

Mama hakuwa amepanda hata moja. Alisimama kando ya Fundi Redio, mfuko wake wa dawa mkononi. Nikamkonyeza apande. Hakupanda. Nikamwambia kwa sauti, watu wanasikia, kwamba zahanati huwa anapanda tatu kila mwezi, basi angalau apande tatu. Akatikisa kichwa. Akasema hajazipanda tangu Oktoba. Anafika, anakaa kwenye benchi la nje chini ya ubao wa matangazo, anapumzika, anarudi nyumbani. Dawa zilimwishia Novemba.

Sista akashika mdomo. Akasema kwenye kadi ya Mama aliandika amehama.

Nikamuuliza Mama kwa nini hakuniambia. Akasema nilikuwa nachora ngazi zangu kwa furaha, hakutaka kuniharibia.

Niliona aibu, si ile ya kuchekwa ambayo nimeizoea, nyingine. Miezi mitano nimekula naye meza moja nikimsimulia habari za mawe ya ngazi, naye hana dawa. Naandika hivi kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu.

Sista alileta kipimo cha presha palepale uwanjani, akamkalisha Mama kwenye ngazi yangu ya kwanza. Presha iko juu, lakini haijafika pabaya. Amepewa dawa, na Fundi Redio amesema mpaka mlango utakapokwisha yeye atapiga honi kibandani na Sista atamletea dawa nje. Nimeandika kwenye kumbukumbu kwamba ngazi ya kwanza, kwa kukalia, inafaa sana.

Ijumaa, 14 Machi

Nimebadilika. Mimi ni mtu mpya. Nimechora njia ya mteremko, kwa hiari yangu, bila kuombwa. Ya saruji, laini, kwa magurudumu, kwa magoti, kwa mapacha. Nimeiweka nyuma ya jengo, kando ya mahali pa kufulia mashuka, ili mbele ngazi saba zibaki. Kila mtu na chake. Nilijiona mkarimu.

Kamati imekaa. Fundi Redio aliniuliza kama nikialikwa kwa watu huwa naingilia nyuma, kwenye beseni la kufulia. Nikasema inategemea na watu. Mwalimu akasema mlango mmoja kwa wote. Mama wa Mapacha akasema mlango mmoja. Nikamgeukia Mama. Akasema nimechora vizuri mwanangu, ila mlango mmoja, na katikati ya mteremko pawe na sehemu tambarare yenye benchi. Damu ni nzito kuliko maji, lakini magoti ni mazito kuliko damu.

Nguzo zimefutwa. Niliomba ibaki moja, ya kumbukumbu. Hakuna aliyenyoosha mkono isipokuwa mimi. Mwenyekiti alisema ameuona mkono wangu na ameupenda, bali hauhesabiwi. Kibao cha shaba nacho kimekwenda na maji.

Nilikuwa nakunja ramani niondoke wakaniambia nikae. Nani atachora, waliuliza, kama si mimi? Fundi Redio alisema mji huu hauna mtu anayenyoosha mstari kama mimi, tatizo ni kule mistari inakokwenda. Wakasogeza makreti. Wao wakasema, mimi nikachora. Mteremko uwe mpole kiasi gani. Kiti kigeuke wapi. Bomba la kushikia pande zote mbili, la juu kwa wanaosimama na la chini kwa wanaokaa. Mara nne nilisema haiwezekani, mara tatu ikawezekana. Nilipoinua kichwa saa tatu zilikuwa zimepita. Nimerudi nyumbani napiga mluzi, na sababu siijui.

Jumanne, 25 Machi

Saruji ya mteremko imemwagwa leo. Kwa uamuzi wa kamati, mwanzoni kabisa mwa mteremko fundi mwashi atachimba mistari kwenye saruji mbichi, ili fimbo ya Mwalimu ikiigusa ajue mwinuko unaanzia hapo.

Fundi mwashi alikwenda kula mchana kabla ya kuichimba mistari hiyo.

Saruji mbichi. Kijiti. Mimi peke yangu. Mwanadamu gani angejizuia? Walipigia kura kibao cha shaba. Kuhusu saruji hawakusema neno, nimepekua kumbukumbu zote, nami ndiye niliyeziandika. Nimeandika jina langu kamili, herufi kubwa, kina cha kidole, kutoka ukingo hadi ukingo. La babu pia. Kisha nikafunika kwa magunia yaliyolowa maji, nikamwambia fundi mwashi mistari iko tayari, asifunue mpaka ikauke.

Ijumaa, 28 Machi

Wamefunua.

Sista akasoma kwa sauti, polepole, mpaka akamaliza na babu. Fundi mwashi akaapa hana habari. Akasema kubomoa na kumwaga upya ni siku kumi nyingine. Wote wakanigeukia. Mama alinitazama kama alivyonitazama nilipokuwa na umri wa miaka saba na chungu kimevunjika.

Siku kumi. Alhamisi ya kwanza ya mwezi ingepita, na Mama angerudi tena kwenye benchi la nje, kungoja honi. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilitamani saruji inimeze.

Mwalimu akaomba apite. Fimbo ikagonga, ikakwaruza, ikanasa kidogo kwenye herufi ya kwanza, ikaenda hadi ya mwisho. Akarudi nyuma, akapita tena. Akasema mistari iliyonyooka ingefanana na nyufa za barabara yote, lakini hii haifanani na kitu chochote duniani. Kuanzia sasa fimbo yake ikikuta jina langu, atajua hapa apunguze mwendo na awe macho.

Ikapigwa kura. Jina libaki. Nimeagizwa kuandika kwenye kumbukumbu kazi yake rasmi: alama ya tahadhari. Fundi Redio amenipita juu mara nne. Majaribio, amesema.

Alhamisi, 3 Aprili

Mlango umefunguliwa. Utepe haukuwepo, kamati ilisema utepe unaziba njia. Mkurugenzi aliisifu kamati dakika kumi na katibu nusu dakika. Nilikuwa na saa.

Mama alitaka kwenda peke yake. Nikamfuata kwa mbali, nyuma ya watu. Alikanyaga jina langu, akashika bomba, akapanda taratibu. Katikati akakaa kwenye benchi, mfuko mapajani, akitazama wapita njia kana kwamba ni barazani kwake. Fundi Redio akampita akimtania kwamba ameegesha vibaya. Akacheka, akainuka, akaingia. Kwa mlango mkuu. Baadaye akatoka na dawa za mwezi mzima.

Nilifurahi mpaka nikajifanya napenga kamasi. Katika ngazi zote nilizowahi kuchora, sijaona mtu akizimaliza na uso ule.

Nimejifunza mengi sana. Na vizuri, kwa sababu leo imekuja barua nyingine, mihuri miwili. Maktaba itajengwa upya. Kamati ileile, katibu yuleyule. Safari hii makosa sirudii. Mkutano wa kwanza nitauweka chini, sakafuni kabisa, mtu yeyote afike. Ila saa kumi na mbili asubuhi. Mama nilikuwa nimeshamwondoa kwenye orodha, halafu nikasikia Fundi Redio anampisha kiti, Mama ndiye mwenyekiti mpya.

Si neno. Maktaba si zahanati. Msomaji hana presha, hana haraka, anahitaji kujisikia kuwa amefika mahali. Baada ya chai nimekaa mezani na karatasi safi. Ngazi tisa. Nguzo sita.

Mama amepita nyuma yangu na kikombe chake, akauliza nachora nini. Nimemwambia maua.

Ameyatazama kwa muda. Amesema ni mazuri, ila nisiyapande mlangoni.